Blodwen, Jina Ulilotukataza

Mpendwa wetu Bibi Blodwen Parri, mwaka umezunguka tangu asubuhi ile ya ukungu ulipotutoka, hapa hapa kijijini Pentre Helyg.

Bado tunakuona kwenye kaunta ya posta, ukigonga mihuri na kuwasomea barua wazee waliosahau miwani, kisha ukijifanya hukusikia yaliyomo. Kanisani ulipitisha peremende kabla ya mahubiri, na ole wake aliyeitafuna kwa kelele.

Ulizaliwa jina lako likitamba. Darasani mlikuwa akina Blodwen watatu: wa Kinu, wa shamba la Hendre, na wewe wa Posta, maana baba yako alipeleka barua. Kisha mambo yakageuka. Wazazi wakalikimbia jina, wakasema ni la vikongwe. Pale Hendre wakampa ng'ombe jina hilo! Ulicheka, lakini tulikuona ukipangusa macho.

Wenzako wawili walipofariki, watu wakaacha kukuita "wa Posta". Hapakuwa na wa kukutofautisha naye. Ukasema, "Jamani, nimebaki kama kiatu cha mguu mmoja."

Mimi Mared, mjukuu wako, nilipokuambia nina mimba, ulikuja juu.

"Ole wako umpe jina langu! Shuleni watamlilia kama ng'ombe."

"Lakini Bibi, si ulinifundisha maana yake ni maua na weupe, na weupe kwa wazee wetu ni baraka?"

"Baraka haizuii watoto kucheka. Mpe jina la siku hizi, mama."

Nikakuahidi. Wiki mbili baadaye ukaondoka.

Babu Idwal hakuweza tena kulitamka jina lako. Alikuwa akisema "yeye" tu. Jina likimfika mdomoni, anainuka, anakwenda bustanini kupalilia vitunguu visivyo na hata jani moja la magugu. Iliniuma sana, Bibi.

Alasiri moja nilisinzia kitini nikakuota. Mvua ilinyesha bila sauti. Ulikuwa ukipanga barua, nyingi ajabu, zote zimeandikwa Blodwen. Nikauliza ni za nani. Ukasema, "Wenyewe hawapo. Sijui nizirudishe wapi." Ulikuwa mchovu, hukuniangalia. Niliamka nalia.

Mtoto akazaliwa Machi, wa kike. Nisamehe, Bibi, ahadi nimeivunja.

Babu alimpokea akauliza anaitwa nani. Nikamwambia. Akamtazama mtoto mpaka chai ikapoa. Kisha akasema polepole, "Blodwen." Akarudia. "Blodwen, hebu acha kupiga kelele, wewe mwanamke." Maneno aliyozoea kukuambia wewe, na mtoto wa watu alikuwa amelala fofofo! Tangu hapo anaita kutwa, hata pasipo haja, na sisi hatumkatazi.

Unakumbukwa na mumeo Idwal. Wanao Goronwy na Eirlys. Wajukuu zako Mared na Ithel. Ndugu na majirani wote wa Pentre Helyg. Na kitukuu chako Blodwen, miezi saba, ambaye akiitwa anageuka.

Hatutakusahau kamwe, Bibi.