Nani Alilibomoa Kanisa la Kisiwani

Jumanne, Novemba 2006. Hapa mtaani Kings Heath, huku ughaibuni, mvua imenyesha tangu alfajiri. Nimerudi kazini na hasira ambayo hata chai haijaituliza.

Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi tuna Mama Nora. Wenzangu humwita Nora tu, lakini mimi siwezi kumwita mtu wa umri wa nyanya yangu kwa jina tupu. Alizaliwa kwenye kisiwa kidogo cha Scotland, chenye gofu la kanisa la zama za kati. Makasisi waliishi hapo pamoja, wakiimba sala kila siku kuombea roho ya tajiri aliyelijenga. Uprotestanti ulipoingia, wakatawanyika.

Leo bwana mmoja wa chama cha historia alikuja kutuonyesha picha za kanisa hilo. Mama Nora alivaa sweta yake mpya. Bwana akasema wenyeji, kwa ujinga wao, ndio waliolibomoa na kuiba mawe. Maneno hayo, akasema, yataandikwa kwenye kibao huko kisiwani.

"Si kweli," Mama Nora akasema. "Mwenye kisiwa ndiye aliyechukua mawe, akajengea zizi la farasi wake. Babu yangu na majirani walisimama mlangoni wakaokoa upande wa madhabahu. Mimi nilibatizwa humo."

"Asante sana, bibi. Tuendelee," bwana akajibu, akitabasamu kama anayembembeleza mtoto.

Mama Nora akarudia, kwa sauti zaidi. Meneja akaninong'oneza nimtoe, anasumbua wengine.

Nikamtoa.

Hilo ndilo linaloniuma. Mikono iliyosukuma kiti chake cha magurudumu ni yangu. Mimi, ambaye nyanya yangu aliwahi kufundishwa na mgeni jina la mto wa kwao, kana kwamba hakulijua.

Chumbani hakulia. Aliniuliza tu, "Na wewe waniona nimechanganyikiwa?"

Nikasema hapana, nikamwomba msamaha kwa kumtoa. Nikachukua kalamu, akanieleza yote: majina ya waliosimama mlangoni, na mahali zizi lilipo mpaka sasa. Kurasa nne. Nikashuka nazo, nikamkuta bwana anafunga projekta yake.

"Soma hizi kabla hujaandika kibao," nikamwambia.

"Wewe umewahi kufika huko?"

"Sijafika. Wewe ulizaliwa huko?"

Akazitia mkobani.

Meneja ananitaka ofisini kesho asubuhi. Nitakwenda, ila sitamwomba msamaha. Niliyepaswa kumwomba nimeshamwomba.