Maji ya Kijani ya Lambo

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Manyoni hatujambo, babu yako amemaliza kupura mtama. Lakini swali lako limenikasirisha.

Eti unyamaze? Wavulana watazame kwenye hadubini seli za mwani zilizotiwa rangi, wewe uoshe vyombo vya maabara, halafu unyamaze?

Nilipokuwa sekondari, sisi wasichana ndio tuliotumwa lamboni kuchota maji ya kijani ya somo la mwani, kwa kuwa kuchota maji ni kazi ya wanawake. Tukarudi na ndoo kichwani, wavulana wakapanga foleni kwenye hadubini. Nilipoomba zamu, mwalimu akasema, "Nyie si mmeshayaona njiani?" Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka. Mpaka leo kicheko changu kile kinanichoma.

Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba mwani wenu huo ni seli moja tu, na vipande vya ribosomu huundwa ndani ya kiini, kisha hutoka kupitia vitundu vya kiini hicho, maana kazi yao ya kutengeneza protini iko nje. Basi na yako haiko kwenye sinki.

Kesho acha sabuni, vuta kiti, kaa kwenye hadubini. Wakicheka, usicheke nao.

Bibi yako