Breki za Projest

Pru uko hewani? Nimefanya kitu cha ajabu.

Niko msibani kwa Projest, huku Mkuyuni. MC kanisimamisha mbele ya watu wote: "Huyu ni Injinia Leonsia, kasomea ajali mpaka China! Akiona alama za tairi anajua nani mwenye kosa. Hebu atuambie, maana watu wanasema marehemu alisinzia kwenye usukani."

Akanipa kipaza sauti. KIPAZA SAUTI Pru, msibani!

Na kweli alisinzia. Barabarani hakuna alama hata moja ya kufunga breki, na breki zenyewe nilizipima jana. Nzima kabisa.

Lakini mama yake alikuwa ananitazama. Nikajikuta nasema, "Gari lilifeli breki."

Mimi. Injinia. Nimesema hivyo.

Mama akanikumbatia, analia, "Asante mwanangu, umemsafisha."

Halafu watu wakaanza kugeuka nyuma, mmoja mmoja, kumtazama Obedi. Fundi Obedi, yule aliyemfungia Projest breki mpya wiki iliyopita.

Alikuwa anawagawia chai, Pru. Wakaanza kuweka vikombe chini.