Nimechagua Tagi

Shika Adabu, Likoni.

Kwa kaka yangu mpenzi Ismail,

Assalaam alaykum, na shikamoo kaka. Natumai karatasi hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba joto la Sharjah limeanza kuwahurumia. Mimi sijambo, alhamdulillahi, isipokuwa magoti, na hayo tumeshazoeana. Utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Lakini kwenye simu wewe una maneno mengi na mimi nina machozi ya karibu, mwisho najikuta nimeitikia nisilolitaka. Asmaa, binti wa jirani, anakuja huko kazini, nikaona nimpe aitie mkobani.

Kwanza ahsante kwa picha za zile boti za mbao za dukani kwako. Nilipolalamika kwamba eda ni ndefu na mikono imechoka kukaa bure, sikudhani utanijibu kwa boti! Ulisema nichague moja, utanitumia vibao vyake kwenye boksi pamoja na mota na rimoti, niiunde mwenyewe taratibu. Caroline, jirani anayenifanyia safari za sokoni siku hizi, alicheka mpaka akakaa chini. Alisema hajapata kusikia mjane akifarijiwa kwa mashua. Kwao angepelekewa kuku.

Kaka, nimezitazama picha zile hadi naziota. Alasiri nyumba ikinyamaza najilaza, upepo unalijaza pazia, na sakafu inageuka maji. Ile boti ya tanga inapita mlangoni bila sauti, nyeupe, imejiinamia kidogo kama bibi harusi. Ile ya mwendo kasi inazunguka miguu ya kabati mpaka inanitia kizunguzungu. Kisha ile tagi, boti ya kuvutia meli, fupi na nene, inatoka chini ya kitanda polepole ikisukuma ndala zangu. Honi ya feri ikilia kule kivukoni, zote husimama kusikiliza. Naamka nikitabasamu, halafu nakumbuka Anwar hayupo, na maji yote yanakauka.

Wewe ulinishauri ile ya tanga. Ulisema ni nzuri kwa macho, na kwamba itapendeza kwenye kabati la vioo sebuleni kwenu, nitakapohamia huko ghorofa ya tisa. Hilo la kabati lilinikaa moyoni siku nzima. Ndipo nikakuuliza ni ipi inayomfaa mtu ambaye hajaunda hata banda la kuku. Ukanijibu kwa haki, maana mteja humdanganyi, kwamba ni tagi: tumbo lake pana, haipinduki upesi, mwendo wake mkono mgeni unauweza. Ya tanga, ulisema, inataka mtu aliyezoea kusoma upepo. Basi jibu ulinipa mwenyewe.

Lakini iko sababu nyingine. Unajua shemeji yako Anwar alifanya kazi kwenye tagi za bandarini tangu kabla hajanioa. Miaka yote hiyo nimefua nguo zake zenye mafuta ya tagi, harufu yake naijua hata gizani, ila tagi yenyewe sikuwahi kuikanyaga hata siku moja. Nikimuuliza mle ndani kukoje, alisema ni chuma na kelele tu, kisha akaomba chai. Nataka nijue alikuwa akisimama wapi. Nataka nigundishe mbavu za tagi moja moja, nitandaze sitaha, nifike kwenye chumba cha usukani nichungulie dirishani. Tayari nimeanza kujaribu kwa maboksi ya sabuni, nikifuata picha. Ummi, dada wa marehemu, alikuja kunitazama akanikuta sakafuni na mkasi, akauliza kama huko ndiko kukaa eda. Nilimwambia tasbihi ina saa yake na mkasi una saa yake. Alisonya, kisha akachuchumaa akanishikia upande mmoja nikate vizuri.

Sasa kaka, nikaze moyo niseme. Uliponiambia kwamba eda ikiisha utanikatia tikiti nije nikae kwenu moja kwa moja, nilijibu inshallah. Wewe uliisikia ni ndiyo, ukaanza kunipakia rangi chumba. Ilikuwa ni haya tu, sikuweza kukukatalia. Tangu baba atutoke hujaniita nisiitike abee. Lakini leo nasema siji. Wallahi nakupenda, na najua ni huruma yako. Ila mimi si boti ya kabatini. Hapa ndipo nilipoishi naye, na hapa nataka kuishi bila yeye, nijue kama naweza. Chumba cha mbele nitakifanya pa kuundia.

Kwa hiyo ile tikiti igeuze, uje wewe, likizo yako ikifika. Kule ufukweni Mtongwe maji yakijaa yakatulia, nitaiweka tagi yangu mimi mwenyewe, nishike rimoti, nawe usimame kando yangu uone inavyokwenda, uone na inavyorudi.

Mpe wifi salamu nyingi na unitakie radhi kwa rangi aliyoihangaikia. Watoto wabusu kila mmoja. Caroline na Ummi wanakusalimu. Ukikasirika nitastahimili, wewe ni mkubwa wangu. Ila boksi usilicheleweshe.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanatabu