Binti wa Nne wa Mfalme

Kvívík,
Visiwa vya Faroe.
20 Februari.

Mpendwa mdogo wangu Billa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Aalborg, wewe na Eyðun na mtoto. Kile kikohozi kimekuachia? Mimi sijambo, isipokuwa mgongo, na mgongo wangu unaujua. Kondoo wamevuka baridi salama. Nyama ya kukausha kwa upepo imetoka nzuri mwaka huu. Nitakutumia paja moja, ila usimpe mama mkwe wako, maana yule huziba pua.

Mume wangu Sámal yupo. Huu ugonjwa wa kutetemeka, Parkinson, haurudi nyuma hata siku moja. Namnyoa, namkatia chakula, namfungia vifungo vya shati. Dawa ikichelewa, anakakamaa kitandani mpaka namgeuza kama gogo. Kibaya zaidi ni milangoni. Akifika kizingitini miguu inaganda, mbele haendi, nyuma harudi. Hapo namwimbia ubeti huku napiga mguu sakafuni, naye anaufuata na kuvuka. Sauti yake imebaki mnong'ono, na anayeusikia ni mimi tu, kwa sababu ni mimi ninayetega sikio.

Sasa nikupe kisa cha Heini.

Unamkumbuka Heini, binamu yake Sámal, yule mrefu. Nyimbo zote za duara, zile tunazozicheza tumeshikana mikono mmoja akiimbisha, alijifunzia jikoni kwangu, kwa Sámal, huku akimaliza jamu yangu. Basi mwezi wa kumi na moja, bila hata kupiga hodi kwetu, akawaambia watu dukani kwamba Sámal asiimbishe tena. "Sauti yake haisikiki hata na kola ya shati lake," alisema. "Na miguu ikimgandia, duara zima linakwama. Mwacheni mzee apumzike, mimi nipo." Watu wakakubali, na mimi nikazipata habari kwa muuza samaki.

Sámal hakulalamika. Aliacha tu kuimba. Nikimwimbia mlangoni alikuwa ananiangalia bila kuufuata wimbo, nami nikawa namvuta kwa mikono miwili kila tukitaka kwenda chooni. Hapo ndipo nilipomchukia Heini kwa moyo wangu wote. Nilikuwa nikikanda unga namkanda yeye. Mchungaji alinishauri nisamehe, nikamjibu nitasamehe, ila kwanza nimkomeshe.

Na njia ya kumkomesha niliijua. Upo wimbo mmoja ambao Heini hakuwahi kuushika vizuri, ule mrefu wa mfalme na binti zake watatu. Harusi ya binti wa kwanza na ya binti wa pili huanza kwa mstari uleule. Asiyekuwa makini, badala ya kusonga mbele anajikuta amerudi alikotoka. Miaka yote Sámal alikuwa akicheza kando yake, na pale pale alikuwa akimminya mkono. Heini akadhani anaujua.

Jumatatu ya kabla ya Kwaresima nilimvalisha Sámal koti lenye vifungo vya fedha, tukaenda ukumbini. Mlangoni akaganda. Heini akaita kutoka ndani, mbele ya watu wote, "Shemeji, msogeze pembeni, anaziba njia."

"Usijali, shemeji," nikamwambia. "Wewe imba tu." Nikamvuta Sámal, nikamkalisha kwenye kiti karibu na duara.

Nikangoja wapashe miguu moto. Kisha nikasema kwa sauti, "Heini, tuimbie ule wa mfalme. Mwenzangu ana hamu nao." Uso ukambadilika. Lakini mwimbishaji gani atakataa ombi la mwanamke mzee mbele ya kijiji? Na kitabu hakiingii kwenye duara, hilo unalijua. Akaanza.

Binti wa kwanza akaolewa. Ikaja zamu ya wa pili, akaolewa wa kwanza tena. Watu wakaimba tu, wakijua atajirekebisha. Akaolewa tena. Marjun wa dukani akasema, "Jamani, bibi harusi huyu hachoki? Tumlie karamu ngapi?" Vijana wakaangua kicheko, na Heini akanyamaza katikati ya mstari.

Miguu haikunyamaza. Wimbo ukishaanzwa miguu haisimami mpaka uishe, basi wakawa wanakanyaga tu, sakafu inanguruma, wote wakimkodolea macho. Nikaona midomo ya Sámal inacheza. Nikainama: ubeti ulikuwepo, mzima, haujakosa neno. Ningeweza kuupaza. Sikuupaza, Billa. Nilikaa nikautazama uso wa Heini ukitoka jasho, na nilifurahi.

"Anasemaje, shemeji?"

"Unaniuliza mimi? Mdomo ni wake. Njoo utege sikio."

"Si uniambie tu, watu wanangoja."

"Si ulisema hasikiki? Labda ulikaa mbali."

Akaja. Akainama, na Sámal akamnong'oneza. Halafu, kwa ile ngurumo ya miguu, Sámal akasimama mwenyewe. Nilimshika mkono huu, Heini akamshika ule, tukaingia kwenye duara, na miguu yake haikuganda hata mara moja. Ugonjwa umemkunja Sámal, na Heini ni mrefu. Ilibidi acheze amepinda kama ndoano, sikio mdomoni kwa Sámal, akipaza kila ubeti anaopewa. Nilimtazama kila hatua, nikaona raha.

Binti wa tatu akaolewa. Nikajua sasa tunamzika mfalme, wimbo uishe. Mara Heini akapaza sauti juu ya binti wa nne, aliyeolewa na mwanamume wa miguu ya mawe, akawa anamfungia vifungo kila asubuhi na kumwimbia kwenye vizingiti. Kijiji kizima kikaitikia. Heini hakuthubutu kuuliza, na mwingine nani angeuliza?

Tulipofika nyumbani, namvua viatu, nikamwambia, "Sámal, mfalme yule ana binti watatu." Nikatega sikio.

"Sasa ana wanne," akaninong'oneza. "Umeshaimbwa kwenye duara. Heini atakuimba kila mwaka mpaka afe."

Msalimie sana Eyðun, umbusu mtoto, na shangazi Turið mwambie soksi zake ziko tayari. Heini naye nilimwambia aje hapa akutumie salamu kwa mdomo wake. Hajaja. Mungu awalinde huko, awape afya, na Eyðun awe mume asiyesahau.

Ni mimi dada yako nikupendaye, binti wa nne,

Armgarð