Mwanamke wa Ziwa Ana Mkono Wako

Gisenyi, Desemba 1998

Dada yangu mpenzi Umurerwa,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Goma, funga inakwenda salama, na kikohozi kimekuacha. Sisi hatujambo. Mama anakutaja katika kila dua, ila kwa sauti ya chini.

Ile picha nimeimaliza. Mwenye hoteli ya ufukweni alitaka watu wa ziwa, wale wa hadithi za Bibi, wanaotoka majini kwenda kuoga kwenye maji moto ya Nyamyumba. Bibi alisema mwanamke wa ziwa akiishi nasi hufanana nasi kwa kila kitu, isipokuwa mahali pamoja mwilini ambapo magamba huanzia. Nilihangaika sana kupapata mahali hapo. Kila nilipochora, magamba yalionekana kama nguo ya kuvaa. Nilimpa uso wako, kwa hamu tu. Sikuona ubaya, maana hapa wote wanaamini ulipomkimbia mumeo ulielekea Kigoma. Mwishowe nikayaanzisha magamba kwenye mkono wa kushoto, juu ya kovu la pasi ulilolipata kwa fundi cherehani unayemfanyia kazi huko Goma. Yakakubali papo hapo, nami kwa furaha sikufikiri zaidi.

Ijumaa mumeo Mbonigaba aliiona hotelini. Akaja kwenye chumba ninachochorea, nyuma ya cherehani za Baba mdogo Abdu. Hakufoka, angefoka ingekuwa afadhali. Alisema uso haumshangazi, dada hukumbukwa. Kisha: “We Gatesi, muke yangu alitoka kwangu na mukono safi. Hii kovu uliiona wapi?”

Nikasema mkono ni wangu. Mchoraji asiye na mtu wa kumkalia amchore hujitazama mwenyewe. Akasema bon, haya, nikunje mkono wa gauni. Nikajibu kwamba yeye si maharimu wangu, sikunji, tena mwezi wa Ramadhani. Baba mdogo akasimamisha cherehani, akamtania mbele ya wateja: mkwe, magharibi bado, nawe umeshaanza kufuturu kwa macho? Wakacheka wote. Aibu ikamrudisha nyuma. Lakini alipotoka alisema siku ya Idi mama yake, Mukarugwiza, atakuja kutuamkia, na yeye ni mwanamke, atauona mkono. Asipoona kovu, Mbonigaba atajua nimekuona hapa jirani, si Kigoma, naye atavuka mpaka na kupita kwa mafundi cherehani wote wa Goma, mmoja mmoja, kwa maana alama ya pasi anaijua.

Sasa nikwambie asilolijua Mama. Kesho yake asubuhi, Baba mdogo alipokwenda sokoni, niliwasha pasi ya mkaa. Nilichora kwanza umbo la kovu lako kwa kalamu juu ya ngozi yangu, nisikosee, kisha nikaweka ncha. Jeraha limeshashika ganda. Kufikia Idi litakuwa limejifunga, na Mukarugwiza aangalie atakavyo.

Usiulilie mkono, brashi naishika kwa wa kulia. Ulimwahidi Mama kuvuka mpaka pale Grande Barrière siku ya Idi. Usivuke. Vaa mikono mirefu hata ukiwa kazini. Mama nitamwambia ni mimi niliyekuzuia, na najua hatanisamehe upesi.

Wasalimie wote wanaokustiri. Mukantwari, yule mchuuzi wa mboga, anakuletea barua hii chini ya karoti zake. Ukishaisoma itie jikoni iungue. Mungu azipokee funga zetu, yako na yangu, hata ile ya Ijumaa niliyoifunga nikisema uongo.

Mdogo wako,
Gatesi