Kasuku wa Pili

Jericho, Nairobi

Shangazi Ayuma,

Mulembe. Sisi tuko, ila maji ya mfereji yanakuja Jumanne peke yake. Nimetumia karatasi kwa sababu Wasike husoma simu yangu. Jirani yangu Mama Elsie atakupa barua hii mkononi.

Umeuliza, kati ya ndege unaowafuga, nataka yupi akae na kasuku wetu wa kijivu na wale njiwa wawili. Mume wangu Wasike anataka kasuku wadogo wa kijani, wasiojua kusema. Anasema huyu mmoja amemwaibisha vya kutosha.

Jumapili watu wa kanisa walikuja kwetu kwa maombi. Mchungaji alipofumba macho tu, kasuku akalia kwa sauti yangu: "Wasike, basi! Mkono wangu!" Hakuna aliyeitikia amina. Hakuna aliyeniuliza kitu pia.

Tangu siku hiyo, Wasike akitoka kazini huanza kwa kufunika tundu na blanketi. Kisha ananigeukia.

Kwa hivyo usilete wa kijani, Shangazi. Chagua kasuku anayeshika maneno haraka, na umlete wewe mwenyewe, na tundu lake. Blanketi letu hufunika moja tu.

Mtoto wa kaka yako,
Lenah